Hamsini na Kutu: Historia ya Marehemu Mzee Pakavu

Ndugu wa pande zote mbili, majirani wa mtaa wetu, mafundi wenzake wa karakana, na nyote mliofika, wengine kwa safari ndefu, familia inawashukuru kwa kuja, na imemtuma mjukuu wake wa kwanza asimame hapa, kwa kuwa watoto wake watatu wamejaribu kusoma na kila mmoja sauti imemkatikia, na kwa kuwa mjukuu huyo ndiye aliyekuwa naye nyumbani miezi hii ya mwisho, yeye na kichanga chake, kwa hiyo mtamwia radhi akisoma haraka, ndivyo alivyo, hata marehemu alikuwa akimwambia, "Mjukuu wangu, vuta pumzi, maneno hayakimbii."

Marehemu alizaliwa tarehe 30 Novemba, na hapa ndipo historia za watu wengine hutaja mwaka na kuendelea, lakini yake haikuweza, maana mpaka jana mchana, pale mwandishi wa vibao alipofika uani na kibao cha kaburi ambacho ameshakipaka rangi nyeupe, brashi mkononi, akauliza aandike mwaka gani, hapakuwa na mtu nyumbani aliyemjibu bila mwenzake kumbishia. Kitambulisho kinasema 1953, mjane wake anasema si kweli, na alisema mbele ya wote kwamba mume wake hatazikwa na mwaka wa ofisi, basi mwandishi wa vibao akaandika tarehe na mwezi, akaacha nafasi, akaketi kwenye ndoo kusubiri, na sisi tunaomba nanyi msubiri kidogo, mwaka utakuja.

Baba yake alikuwa mpakiaji mizigo ghalani na mama yake mpishi wa shule ya bweni, na tarehe ya kuzaliwa inajulikana kwa sababu ilikuwa siku wanafunzi walipofunga shule, mama akiwa bado na mwiko mkononi uchungu ulipomshika. Siku ya pili baba alichukua sarafu mpya ya mwaka ule, zile za chuma cha kawaida zilizopakwa madini mengine juu ili zing'ae, akamwekea mkewe kiganjani, akamwambia, "Mwaka wake uko hapa, usiupoteze," kisha mtoto akiwa bado anatambaa akaenda kutafuta kazi mbali, na huko akafariki. Mama hakujua kusoma, ila kuhifadhi alijua, jikoni kwake kila alichokitia chumvi kilidumu, nyama ilidumu, samaki alidumu, ngozi ilidumu, akaona mwaka wa mwanawe nao utadumu, akaizika ile sarafu katikati ya mtungi wa chumvi, akaufunika vizuri, akatulia.

Kuhusu elimu, marehemu alipelekwa kuandikishwa darasa la kwanza mwezi Januari 1962, na mwalimu mkuu alipouliza mwaka wa kuzaliwa, mama akatabasamu, akafungua kitambaa, akamkabidhi mtungi. Mwalimu akachimbua chumvi kwa kalamu, akatoa kitu chekundu kama kipande cha tofali, akakipangusa, akakipeleka dirishani, akasoma taratibu, "Elfu moja mia tisa hamsini na," akakigeuza, akakirudisha, "hamsini na kutu." Mama akamjibu kwa heshima zote, "Andika hivyohivyo, mwalimu, wewe ndiye unayejua." Darasa zima lilisikia, na kuanzia siku hiyo mpaka anamaliza darasa la saba mwaka 1968 hakuna aliyemwita kwa jina lake, alikuwa Hamsini na Kutu, na wakigombana uwanjani walimwambia, "Wewe nyamaza, hata kuzaliwa hujamaliza."

Ile tarakimu ya mwisho ilibaki tumbo tu, lile nusu duara la chini lililo wazi kushoto, kichwa chote kimeliwa, na tarakimu zenye tumbo la namna ile ni 3 na 5, kwa hiyo ama alizaliwa 1953 ama 1955, na umbo halikusaidia, maana alikuwa mfupi akiwa na maneno ya mtu mzima.

Baada ya shule alimsaidia mama yake jikoni kwa kubeba kuni na maji, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1971 hadi 1972, na ni huko mwalimu wa vyuma alipoeleza ubaoni kwamba chumvi huvuta unyevunyevu wa hewani, na chumvi na maji vikikutana juu ya chuma vinakitafuna kuliko kitu kingine chochote. Marehemu alisimulia kwamba siku hiyo alikwenda nyumbani kwa miguu akifikiri namna ya kumwambia mama yake, na alipofika akamkuta anachambua mchele, mama akauliza, "Leo wamekufundisha nini, mwanangu?" naye akajibu, "Wametufundisha kwamba sarafu za zamani zilikuwa hafifu, mama." Mama akasema, "Nilijua tu, maana chumvi yangu ilikuwa nzuri," na alifariki tarehe 2 Septemba 1984 akiamini hivyo, na marehemu hakuruhusu mtu yeyote aseme vinginevyo.

Kazi alianza tarehe 5 Februari 1973, mekanika wa vyerehani katika karakana ya kiwanda cha kushona sare za shule, na karani wa ajira alipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa akamtazama ndevu, ambazo hazikuwepo, akamtazama tena, akaandika 1953, akamnong'oneza, "Huu utakufaa, wa pili ungekurudisha nyumbani," ndiyo maana marehemu alipenda kusema ana wazazi watatu, baba, mama, na ofisi. Wenzake wa karakana waliopo hapa wanajua kwamba cherehani ikilia vibaya yeye hakufungua kwanza, aliegemeza sikio, akasema, "Hii ina kiu," akatia tone la mafuta, na kweli ilikuwa kiu, na wanajua pia kwamba chupa yake ya mafuta mepesi ya cherehani haikuazimwa, mwombe vyote ila hiyo.

Katika kiwanda hicho, mstari wa tatu karibu na dirisha, alikuwepo mshonaji ambaye sindano zake zilivunjika mara nyingi kuliko za wengine, na mekanika akaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka msimamizi akasema ama mwoane ama cherehani hiyo ihamishwe, wakafunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976. Mshonaji huyo ndiye bibi yetu, mjane aliyeketi hapa mbele, na yeye alizaliwa tarehe 12 Juni 1954, hilo halina ubishi, baba yake alikuwa karani na cheti kipo. Sasa hesabu mnaiona wenyewe, yuko katikati kabisa, kama mume ni wa 1953 basi ni mkubwa wake, kama ni wa 1955 basi ni mdogo wake, na hilo ndilo lililokuwa gumzo la nyumba ile tangu wiki ya harusi.

Marehemu alishikilia kwamba yeye ndiye mkubwa, akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda anasubiri, anasema, "Mama Watoto, kuna mkubwa wako hapa hajaamkiwa," naye bibi anajibu, "Mdogo wangu, kanawe uso kwanza." Akichelewa kurudi, bibi anasema ndiyo utoto huo. Bibi akisahau kuzima jiko, babu anasema, "Msameheni, bado anakua." Watoto wamekua wakisikia hivyo, na wageni walidhani wanagombana, wakaondoka mapema.

Walijaliwa watoto watatu, binti wa kwanza tarehe 9 Aprili 1978, mwana tarehe 21 Julai 1981, ambaye sasa ni mwalimu, na binti kitindamimba tarehe 3 Oktoba 1986, na kwa kila mtoto marehemu alifanya alichofanya baba yake, alitafuta sarafu mpya ya chuma ya mwaka huohuo, akaijaribu kwa sumaku ya kuokotea sindano ili ahakikishe ni chuma kweli, akaiweka, ila si kwenye chumvi. Ya mke wake, ya 1954, ilimsumbua, kwa sababu zilikuwa zimeshaondolewa sokoni, na akaipata mwaka 1980 ndani ya mtoto wa meza wa cherehani mbovu iliyoletwa karakanani, ipo chini ya vifungo, safi, akarudi nyumbani siku hiyo akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Na hapo ndipo lilipoanza kopo. Mnalijua, lile kopo la biskuti la kifuniko kinachobana, lililokaa kwenye kabati la chumba cha katikati, mbali na jiko kwa sababu ya mvuke, mbali na ukuta wa bafu kwa sababu ya jasho la ukuta, si juu kabisa kwenye joto la bati, si chini kwenye sakafu. Kila sarafu ilikuwa na bahasha yake ndogo ya karatasi nyeupe tupu, si gazeti, si nailoni laini, maana nailoni ile ikipata joto hutoa jasho lake lenyewe, si mpira wa kufungia, na hazikuwekwa mbili pamoja kamwe, alisema kutu inaambukiza kama surua, na chuma kikisuguana na chuma kinachubua ule mng'aro wa juu na kutu inapata mlango. Ukitaka kushika unanawa, unakausha mikono mpaka katikati ya vidole, unashika ukingoni tu, vidole viwili, usiguse uso. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kopo lilifunguliwa, kila sarafu ikatazamwa pande zote, ikapanguswa kwa pamba kavu, ile iliyoanza doa ikapata utando wa mafuta ya cherehani mwembamba kiasi kwamba huuoni. Halafu vile vipakiti vya punje nyeupe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ambavyo mtaa mzima mlimwekea, vilipashwa joto taratibu kwenye kikaangio mpaka viachie unyevunyevu, vikapoa, vikarudi koponi. Bibi alisema, "Wenzangu wanakaangiwa mayai, mimi nakaangiwa vipakiti." Alilipa kopo hilo jina la mke mwenza, na alisema kati yao wawili yeye hajawahi kupanguswa kwa pamba.

Babu alikuwa akimaliza kufunga kifuniko, mtu yeyote aliyepo lazima aulize, "Pakavu?" naye ajibu, "Pakavu," na neno hilo likatoka kabatini likaenda mtaani, likawa salamu yake, ukikutana naye dukani anakuuliza, "Pakavu?" akimaanisha mke, watoto, kazi, mwili, vyote, nawe unajibu, ndipo mkampa jina la Mzee Pakavu, na Hamsini na Kutu likasahaulika.

Ila yeye hakulisahau, maana ile sarafu yake nyekundu alikuwa nayo. Wengi walimshauri, mwingine akasema limau, mwingine akasema msasa, mwanawe mwalimu akasema kuna dawa, dakika tano tu, na majibu yalikuwa hayohayo, "Ukikwangua utapata namba unayoitaka wewe, si ile aliyoniachia baba." Alipostaafu tarehe 30 Novemba 2008, maana ofisi iliyomzaa ndiyo iliyomzeesha, aliitumbukiza ndani ya kichupa cha mafuta ya cherehani, akasema kutu ikiamua kuachia itaachia yenyewe, na kila Jumamosi ya kwanza alikiinua kichupa mwangani, akakitikisa, akasema, "Bado."

Sasa kuna asubuhi moja inabidi itajwe, na watoto wanaikumbuka tarehe yake, 6 Agosti 2011, kwa sababu ndiyo siku kitindamimba alipokuwa akifunga mizigo kwenda kuanza kazi. Marehemu alitoka chumba cha katikati baada ya kufunga kopo, akamkuta mkewe anapiga pasi, akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Mama Watoto." Bibi akaweka pasi chini, akamtazama kama mtu aliyeibiwa akarudishiwa siku hiyohiyo, akauliza, "Umevunja nini?" babu akasema hajavunja kitu. Bibi akasema, "Mimi hiyo siitikii, nitaitikia siku sarafu itakaposema." Na tangu siku hiyo, kila asubuhi, hakuacha hata moja, marehemu alimwamkia mke wake shikamoo, na kila asubuhi bibi alimjibu, "Endelea tu, nitakuitikia kutu ikiachia," na sisi sote tulicheka, tukajua mzee kachoka kubishana kaamua kumtania kwa upande wa pili. Jambo jingine, ambalo hatukulitilia maanani, ni kwamba kuanzia hapo kila mtu aliruhusiwa kufungua bahasha yake, isipokuwa bibi, babu alimwambia, "Ya kwako nitafungua mimi," akageukia ukutani nayo, akaipangusa, akairudisha.

Wajukuu wamefikia saba, wote wana bahasha, na mwaka 2023 mjukuu wa kwanza alipoleta mchumba ambaye ni fundi bomba, marehemu alishika kichwa, akasema, "Maisha yangu yote nakimbizana na maji, leo mnaniletea mwenye maji yake." Lakini fundi bomba huyo ndiye aliyegundua bomba linalovuja nyuma ya ukuta wa kabati na kuliziba bila kuambiwa, na mahari ikaisha kuzungumzwa siku hiyohiyo.

Ugonjwa ulianza mwezi Novemba 2023 kwa miguu kuvimba na pumzi kukatika akipanda ngazi, na daktari akamweleza kwamba moyo umechoka kusukuma na maji yanajaa mapafuni, naye akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaani daktari, ndani kuna unyevunyevu," daktari akasema ndiyo, ni kama hivyo, akasema, "Basi si mnipe vipakiti." Nesi alicheka mpaka akaegemea mlango.

Tarehe 17 Januari 2024 mjukuu wake alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati, mdogo, wa kukaa kwenye mashine ya joto, na mama yake aliogopa, hakuna haja ya kuficha, aliogopa kumgusa ile ngozi iliyokuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, aliogopa kumwogesha, aliogopa kulala asije akaacha kupumua. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani alinawa mikono mara nyingi mpaka ikapasuka, na kila alipombeba alimbeba kwa ncha za vidole, mkono mmoja huku na mwingine kule, mbali na kifua. Marehemu alikuwa ameketi kitandani na mito mitatu mgongoni, akamtazama hivyo, akaanza kucheka na pumzi ikamkimbia, akangoja irudi, akasema, "Mjukuu wangu, huyo si sarafu. Sarafu ndiyo inayoshikwa ukingoni. Huyo mshike pote, mweke kifuani, mwache alowe jasho lako, chuma jasho linakiua, yeye ndilo dawa yake." Na manesi walikuwa wamesema hivyohivyo, kwa maneno mengi na picha ukutani, lakini halikuingia mpaka liliposemwa na yule aliyemfundisha kutoshika. Akamweka kifuani. Mtoto naye akamshika.

Tarehe 2 Machi alifungua kopo kwa mara ya mwisho, akaweka sarafu mpya ya 2024 kwenye bahasha, akamwonyesha mjukuu kila hatua kana kwamba hajamwonyesha tangu akiwa mdogo, na tarehe 20 Machi akalazwa, mvua zikaanza, na kopo halikufunguliwa tena, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kugusa ufunguo wa kabati. Alifariki tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono, na asubuhi hiyo pia, kwa sauti ambayo ilibidi uiname kuisikia, alikuwa amesema shikamoo yake.

Kwa hiyo jana, mwandishi wa vibao akiwa kwenye ndoo, mwana mwalimu alisema tuandike cha kitambulisho, watu wanakuja, na bibi akasema hapana, akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akampa mjukuu wake wa kwanza, "Wewe ndiye uliyefundishwa, fungua." Mjukuu akasema anaogopa, mvua imenyesha wiki nyingi, akikuta vyote vimekuwa vyekundu atasema nini, na bibi akasema, "Ukikuta vyekundu utasema vyekundu." Akanawa, akakausha mpaka katikati ya vidole, akatandika nepi safi mezani kwa sababu pamba haikuonekana, akakimimina kichupa cha babu kwenye kisahani, mafuta yakatoka meusi, kikaanguka kitu cha duara, akakipangusa, wote wamemwinamia. Kilikuwa na tundu katikati. Ilikuwa washa, kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati ya cherehani.

Mwandishi wa vibao akasema, "Sasa huo mwaka una tundu." Mwana mwalimu akasema baba ametuchezea, miaka yote tumetazamishwa washa, na kitindamimba akaanza kucheka na kulia pamoja, hakuna aliyejua ambembeleze kwa lipi. Ila bibi hakucheka. Alikuwa anatazama kopo, kisha akasema polepole, "Fungua bahasha yangu."

Mjukuu akaifungua, na ndani ya bahasha ya 1954 mlikuwa na sarafu mbili, pamoja, katika bahasha moja, kitu ambacho mzee yule hakukiruhusu maisha yake yote, katikati yao kipande cha karatasi chembamba ili zisisuguane, zote kavu, zote safi, ile ya pili ina vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui, lakini inasomeka, tumbo lipo, na kichwa kipo, bapa, kimenyooka juu kama ukingo wa kofia. Ilikuwa tano.

Bibi akazichukua zote mbili, ukingoni, vidole viwili, ingawa siku zote alijifanya hajui zinavyoshikwa, akazitazama upande huu na upande huu, akasema, "Kumbe alikuwa anajua. Tangu siku ile ya pasi alikuwa anajua. Mimi nadhani mtu ananitania, kumbe ananiamkia." Akazilaza kwenye nepi, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, halafu akasema, si kwetu, akaelekea chumba alichokuwa akilala mumewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu mlangoni, "Marahaba, mume wangu. Marahaba."

Kisha akamgeukia mwandishi wa vibao akamwambia, "Andika, baba, usikae tu."

Kwa hiyo marehemu alizaliwa tarehe 30 Novemba 1955, ndivyo kibao kinavyosema, na ndivyo alivyoachiwa na baba yake.

Zile bahasha nyingine zote zimefunguliwa jana hiyohiyo, ya kila mtoto na kila mjukuu, mpaka ya kichanga, na mvua yote ile haikuingia, ziko kavu, na zile mbili bibi amekataa zitenganishwe, amesema kama kutu inaambukiza basi na iwaambukize pamoja, ila mjukuu amebadilisha ule ukaratasi wa katikati, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Ufunguo amebaki nao. Anaogopa bado, lakini anajua sasa kwamba mikono yenye hofu inaweza kufungua kopo na isiharibu kitu, na mtoto aliyekuwa mdogo kiasi kile ndiye mnayemsikia pale nyuma analia kwa mapafu yake yote mawili, amebebwa na baba yake fundi bomba, mwacheni alie, ni sauti nzuri.

Familia inamshukuru daktari wa moyo na manesi wa wodi ya wanaume, waliomvumilia akiwauliza kila asubuhi kama ni pakavu, inawashukuru manesi wa watoto njiti, majirani mliopika, mliochota, mliokesha na bibi na mliotunza vipakiti vya maboksi ya viatu mpaka leo, wengine mmekuja navyo mfukoni, tumeviona, asanteni, vitatumika. Inawashukuru mafundi wenzake wa karakana waliolitengeneza jeneza na kupaka mafuta mepesi kwenye vitasa vyake bila kuombwa, inamshukuru mwandishi wa vibao kwa subira yake, na wachimbaji waliochagua mahali pa juu, penye mteremko, ambapo maji hayatuami.

Babu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao kopo litafunguliwa kama kawaida, na tutauliza, na mtu atajibu. Bibi amesema wewe usihangaike tena kuamka mapema, shikamoo zako zote zimepokelewa. Pumzika kwa amani, Babu. Ni pakavu.